Kesi za ardhi za vijiji Tanga na Bagamoyo: kwa nini zinakufa kwenye pingamizi la awali kabla shahidi hajafungua mdomo?

#1 MwanaKisosora
Wakuu, kwema? Natoa hoja, mnirarue.

Mawakili wanaochukua kesi za jamii (wafugaji wa Kilindi na Handeni, wakulima waliozungukwa na mkonge Muheza na Korogwe, wavuvi wa Pangani na Bagamoyo) hawashindwi kwa sababu wateja wao hawana haki. Wanashindwa kwenye mstari wa kwanza wa hati ya madai, pale palipoandikwa jina la mdai. Utakuta "Kijiji cha Fulani dhidi ya Mwekezaji", au "Wananchi wa Kitongoji cha Fulani", au "Jamii ya Wafugaji". Hakuna hata mmoja kati ya hao anayejulikana mahakamani. Anayeweza kushtaki na kushtakiwa ni Halmashauri ya Kijiji iliyosajiliwa, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287. Kitongoji hakina utu wa kisheria, ukoo hauna, "jamii" haina. Wakili wa upande wa pili anainuka na pingamizi la awali (hoja ya kisheria ya kuzuia kesi isisikilizwe), shauri linaondolewa, wazee wanapanda basi kurudi kwao na deni la gharama juu.

Anayebisha alete sababu yake.

#2 Kaunta Buku
Nimeweka kiti mbele. Waje wenye sheria zao.

#3 Chumbageni
@MwanaKisosora jina ni tatizo la zamani. Tatizo la sasa lilianza 2020. Sheria Na. 1 ya mwaka ule ilibadilisha kifungu cha 6 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5. Ukishtaki mamlaka ya serikali za mitaa unatakiwa utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na usipomuunganisha shauri lote linaharibika. Tena linafunguliwa Mahakama Kuu, si Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sasa oneni mtego ulivyokaa. Mwanakijiji anagombana na mtu aliyegawiwa eneo lake na halmashauri ya kijiji. Akimshtaki yule mtu peke yake, anaambiwa aliyegawa ni mhusika wa lazima, mlete. Akiileta halmashauri ya kijiji pale Barazani, anaambiwa hiyo nayo ni Serikali, Baraza halina mamlaka, kaanze na notisi halafu uende Mahakama Kuu. Alikuja na ugomvi wa ekari nne za mihogo, anaondoka na kesi dhidi ya Jamhuri.

#4 Mzigua wa Kwamsisi
Na ndani ya hizo siku 90 mwenzake keshalima, keshapanda, keshavuna ufuta, na hela keshaoa.

#5 Chumbageni
@Mzigua wa Kwamsisi hapo ndipo wakili mzembe anapokaa kusubiri. Siku 90 si likizo. Unaomba Mahakama Kuu zuio la muda kabla ya shauri la msingi, lile wanaloliita Mareva, kwa kutumia kifungu cha 2(3) cha JALA (Judicature and Application of Laws Act), Sura ya 358. Unaambatisha notisi yenye mhuri wa kupokelewa, maana bila notisi huna cha kusubiri.

Maombi haya huanguka kwenye kiapo. Masharti ni yale yale matatu ya Atilio v. Mbowe ya 1969: kuwe na hoja ya kweli ya kuamuliwa, hasara isiyofidika kwa fedha, na mizani ya usumbufu iegemee kwa mwombaji. Watu wanaandika "tutapata hasara kubwa isiyofidika" wanaishia hapo. Hayo ni maneno ya sheria, si ushahidi. Andika makaburi mangapi yamo ndani ya eneo, kisima kiko wapi na kaya ngapi zinachota, mifugo inapita wapi kwenda mtoni, buldoza limeshafika mpaka gani na tarehe ngapi. Picha ziwe na tarehe, na aliyezipiga aape mwenyewe.

#6 Msaidizi wa Kata
Salaam wote. Mnakimbilia Mahakama Kuu mnaruka Kata. Tangu marekebisho ya 2021 (sheria ya tatu ya mabadiliko mbalimbali, Na. 5 ya mwaka ule) Baraza la Kata halina tena uwezo wa kuhukumu. Kazi yake ni kusuluhisha tu. Na Baraza la Wilaya haliruhusiwi kusikiliza shauri la ardhi mpaka Kata ithibitishe kwa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana. Kata ikikaa siku 30 bila kumaliza, mlalamikaji anaweza kwenda bila hicho cheti, ila aweke ushahidi wa siku aliyofungua, yaani barua yenye mhuri wa kupokea.

Mashauri yanakufa hapa kwa sababu za kitoto. Kwenye cheti cha Kata mlalamikaji ni mzee fulani, kwenye maombi ya Wilaya mlalamikaji ni mwanawe. Kata wanasuluhisha mgogoro wa "shamba la Bwawani", Wilaya linafunguliwa la "eneo la Mnazini". Mjibu maombi wa pili hakuitwa Kata hata siku moja. Wakili haruhusiwi kuingia Baraza la Kata kama wakili, kwa hiyo faili linamfikia limeshaoza. Mwenye akili anamwandalia mteja karatasi moja ya kuingia nayo: majina kamili ya pande zote, kitongoji, ukubwa, majirani wa pande nne. Kata wanakili kutoka pale.

#7 Dunda_Bwy
Mabaraza ya kata yaliyoacha kutoa hukumu yako kata gani hayo? Maana huku bado mtu anapewa karatasi imeandikwa HUKUMU kwa wino mwekundu, na faini ya mbuzi.

#8 Msaidizi wa Kata
@Dunda_Bwy hiyo karatasi ni batili. Kibaya zaidi haina sentensi inayosema usuluhishi umeshindikana, kwa hiyo hata Wilaya haikupeleki. Mrudishe mtu Kata wakamwandikie cheti chenyewe.

#9 Mpimaji37S
Wanasheria mmeongea, sasa msikie na huku kwenye ramani. Kwa maoni yangu kesi nyingi za mpaka kati ya kijiji na hifadhi au shamba kubwa zinapotea kwenye namba, si kwenye vifungu.

Ramani za zamani za 1:50,000 na michoro mingi ya upimaji wa mashamba ya mkonge imechorwa kwa datamu (mfumo wa rejea wa namba za mahali) ya Arc 1960. Simu na GPS ya mkononi inasoma WGS84. Ukichukua namba za simu ukazibandika juu ya ramani ya Arc 1960 bila kuzibadilisha, kila kitu kinasogea takriban mita 300, zaidi kwa uelekeo wa kaskazini na kusini. Mita 300 kwenye kijiji cha pwani ni kitongoji kizima na msikiti wake. Wakili anawasilisha ramani inayoonyesha bikoni (nguzo ya mpaka) iko ndani ya kijiji, mpimaji wa upande wa pili anauliza swali moja tu, "Ulitumia datamu ipi?", shahidi anababaika, kielelezo kimekwisha nguvu.

Kwa hiyo kila karatasi ya kuratibu (namba za mahali) iandikwe datamu, kanda ya ramani (Tanga na Bagamoyo zote ziko 37 Kusini), kifaa, na kosa la usomaji kwa mita. Tangazo la Serikali la hifadhi lisomwe na mpimaji akiwa uwandani, si ofisini. Matangazo ya zamani yanataja mito na vilele, na mto kama Wami kule chini huhama. Tangazo linasema mpaka unafuata mto. Mto upi, wa mwaka gani?

Na mpimaji awe amesajiliwa na ana ruhusa ya kufanya kazi nchini. Kwenye kesi ya Ololosokwan pale Mahakama ya Afrika Mashariki, ripoti ya mtaalamu aliyetoka nje ilipigwa kwa suala hilo hilo kwenye hukumu ya kwanza ya 2022, ingawa Kitengo cha Rufani kiliitengua hukumu hiyo Novemba 2023.

#10 BintiPangani
@Mpimaji37S kaka, ulilosema ni kweli lakini linahusu kesi zilizofika kwenye ushahidi. Uzi unauliza zinazokufa kabla. Huko tatizo la eneo ni jepesi kuliko datamu: hati haielezi kabisa ardhi ni ipi. Amri ya VII kanuni ya 3 ya Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka maelezo yanayotosha kuitambua ardhi. Kama imepimwa, namba ya kiwanja. Kama haijapimwa, majirani, alama za kudumu, ukubwa. "Ekari 600 zilizopo kijijini" haitoshi. Hata ukishinda, dalali wa mahakama ataenda kukazia hukumu wapi?

Na msitegemee kwamba hakimu atakwenda kuona. Kutembelea eneo ni jambo la nadra, Mahakama ya Rufani ilishasema hivyo kwenye Nizar Ladak mwaka 1980. Wakienda, pande zote na mashahidi wawepo, yanayoonekana yaandikwe, kisha yasomwe mahakamani pande zikiwepo. Ziara isiyofuata hayo inageuka sababu ya rufaa.

#11 Mnazi Mkinda
Mimi nasema sababu ni wakili wa Dar anayefika Tanga na basi la asubuhi na kugeuza na la jioni. Waja leo waondoka leo, tena huyu hata kahawa hakunywa. Atajuaje kitongoji hakijasajiliwa?

#12 Karani_Mstaafu
Mnazi Mkinda anatania lakini amegusa penyewe. Jina sahihi si mwisho wa kazi, @MwanaKisosora. Ukiandika "Halmashauri ya Kijiji cha X" swali linalofuata ni nani aliyekutuma. Hapo unatakiwa muhtasari.

Muhtasari unaosimama unakuwa hivi. Kikao cha halmashauri ya kijiji chenye akidi, ambayo ni nusu ya wajumbe (halmashauri ina wajumbe 15 hadi 25). Ajenda inataja kesi kwa jina, si "mengineyo". Azimio linasema nani ashtakiwe, kwa eneo gani, wakili gani aajiriwe, na nani asaini hati kwa niaba ya kijiji. Kisha mkutano mkuu wa kijiji unalibariki. Mahudhurio yawe kwenye karatasi yenye kichwa cha kikao kila ukurasa. Orodha ya majina 200 kwenye kurasa zisizo na kichwa inaitwa orodha ya msiba, na mawakili wa upande wa pili wanajua kuiita hivyo. Asiyejua kusoma aweke dole gumba na shahidi wa dole asaini pembeni. Mhuri wa kijiji, saini ya mwenyekiti na ya mtendaji.

Na kaunta buku lenyewe liletwe mahakamani. Nakala ya fotokopi bila maelezo ya asili ilipo inakataliwa.

Shida ni mtendaji wa kijiji. Huyu ni mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya na ndiye katibu wa vikao. Kijiji kikitaka kuishtaki wilaya, ghafla mtendaji anaugua, mhuri umepotea, daftari limepelekwa ukaguzi. Halafu uchaguzi wa serikali za mitaa ukipita, kama ule wa Novemba 2024, mwenyekiti mpya anaandika barua ya mistari mitatu kwamba kijiji hakina nia ya kuendelea. Halmashauri ya kijiji haifi na mwenyekiti, hilo kweli, lakini barua ile ikiingia kwenye faili wakili anaanza kueleza badala ya kudai.

#13 Kaunta Buku
Mzee wangu, jina langu limetajwa kwa heshima leo.

#14 MwanaKisosora
@Karani_Mstaafu shikamoo mzee. Ndiyo maana mtendaji akigoma, njia ni kesi ya uwakilishi, Amri ya I kanuni ya 8. Lakini nayo ina ngazi zake, na watu wanaparamia ya tatu.

Kwanza unaomba kibali, kwa maombi yenye kiapo, kabla ya kufungua shauri lenyewe. Unaambatisha orodha ya wote wanaowakilishwa, majina kamili na saini, na muhtasari wa mkutano uliowateua wawakilishi. Mahakama ikitoa kibali, tangazo linatolewa kwa wahusika wote kwa gharama za waombaji, ama kila mtu apelekewe, ama gazetini kama ni wengi. Ndipo unafungua, na kichwa cha hati kinasema kwamba fulani na fulani wanashtaki kwa niaba yao na wengine kadhaa, kwa idadi ile ile ya kwenye kibali. Kibali kikisema 83 na hati ikisema 86, umejitia kitanzi. Kwenye K.J. Motors (Maombi ya Madai Na. 74 ya 1999) Mahakama ya Rufani ilieleza kwa nini inabana hivi: hao wanaosemewa wanaweza kuwa wamekufa, hawapo, au ni wa kubuni.

Wafanye wawakilishi watatu hadi watano, si mmoja. Mmoja akifariki kesi haiyumbi.

#15 Mlingotini
Wote mnazungumzia karatasi. Mimi naona kalenda ndiyo inayoua. Dai la kurudisha ardhi ni miaka 12, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Wazee wanaondolewa, wanaandika barua kwa mkuu wa wilaya, kwa mkuu wa mkoa, kwa waziri, tume inaundwa, tume inakula mbuzi, ripoti haitoki, miaka 12 imepita. Barua kwa mkuu wa wilaya haisimamishi ukomo, hata ziwe mia. Muda uliotumika kwa nia njema kwenye mahakama isiyo na mamlaka unaweza kuondolewa kwenye hesabu, kifungu cha 21. Wa kwenye tume hauondolewi.

Na ongezeni mirathi. Mzee anadai shamba la minazi la babu yake aliyefariki. Wewe ni nani kwa marehemu? Kama hana barua za usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, hana miguu ya kusimamia. Kuwa mjukuu, hata mkubwa kuliko wote, si usimamizi. Hiki Bagamoyo ni kila wiki.

#16 Chumbageni
@Mlingotini sawa, ila tofautisheni kuondolewa na kutupiliwa mbali. Shauri lililopingwa kwa jina, notisi au kibali huondolewa, na unaweza kurekebisha urudi. La ukomo hutupiliwa mbali, hapo njia iliyobaki ni rufaa. Kwa hiyo anayeondolewa mara mbili kwa jina anaweza kufika mara ya tatu amekwishapitwa na ukomo. Sababu yako na ya mwenye uzi zinashikana mikono.

#17 Olmoran_Kilindi
Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyeuliza swali la msingi. Wateja wenyewe ni nani mbele ya sheria? Tanzania ilipigia kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za watu asilia, lakini sheria zetu hazina kundi linaloitwa hivyo. Msimamo wa Serikali ni kwamba sisi sote ni wenyeji. Mkataba Na. 169 wa Shirika la Kazi Duniani hatujauridhia. Wakili akiandika kwenye hati kwamba wateja wake Wamaasai au Waakie (jamii ya wawindaji) ni "jamii asilia", amejiongezea mzigo wa kuthibitisha na hakuna kifungu cha kumlipa.

Angalieni Mkomazi, sehemu yake iko mkoa wetu huu huu wa Tanga. Ilifanywa pori la akiba 1951, wafugaji wakatolewa 1988. Kesi ya Lekengere Faru Parutu Kamunyu na wenzake 52 ikafika Mahakama ya Rufani, ikaamuliwa 1999. Hoja kwamba wao ndio wenyeji wa pale haikukubalika. Kabla yake kulikuwa na NAFCO (shirika la Serikali la mashamba makubwa) dhidi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw kule Hanang, mashamba ya ngano na Wabarabaig. Halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba iliwahi kugawiwa ile ardhi, na walalamikaji wakaambiwa hawakuthibitisha kwamba ni "wazawa" kwa maana ya sheria ya wakati ule. Hakuna aliyewauliza wakiwa kizimbani, na wakili wao hakuwauliza! Sasa jina la mdai pale lilikuwa sahihi kabisa, MwanaKisosora. Halmashauri ya Kijiji. Wameshinda?

#18 MwanaKisosora
Zile zilisikilizwa ushahidi, ndugu yangu. Hazikufa kwenye pingamizi.

#19 Olmoran_Kilindi
Kufa ni kufa.

#20 BintiPangani
@Olmoran_Kilindi usiache upande wa pili. Mwaka 1994, kwenye Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay (iko kwenye ripoti za kesi, TLR ya 1995, ukurasa wa 80), Mahakama ya Rufani ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Hukuhitajika kuwa wa kabila fulani wala wa asilia. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 7 inahesabu kuwa ardhi ya kijiji hata ile iliyopumzishwa, ya malisho na ya kupitishia mifugo, ikiwa wanakijiji waliitumia miaka 12 kabla ya sheria. Wakili mzuri wa wafugaji analiacha neno "asilia" libaki kwenye utangulizi tu na kuweka nguvu hapa: nani alichunga wapi, miezi gani, kuanzia mwaka gani, mashahidi kutoka vijiji jirani ambao hawana maslahi. Jirani Mzigua akisema "hawa tumewakuta wakipitisha ng'ombe hapa", ana uzito kuliko wafugaji kumi.

#21 Mzigua wa Kwamsisi
Jirani Mzigua atasema hivyo akishalipwa mahindi yaliyoliwa na hao ng'ombe.

#22 Olmoran_Kilindi
Leta risiti mtani.

#23 Mkonge Mkavu
Kifungu cha 7 kizuri, lakini soma na Sheria ya Ardhi Na. 4. Humo tafsiri ya ardhi ya jumla inaingiza "ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika". Sheria Na. 5, hiyo ya Ardhi ya Vijiji, haina maneno hayo. Zilipitishwa mwaka mmoja, zikaanza kutumika siku moja, 1 Mei 2001, na zinapingana. Mwekezaji anasimama na Na. 4: malisho yenu ya kiangazi hayatumiki mvua ikinyesha, kwa hiyo ni ya jumla. Kijiji kinasimama na Na. 5. Kwa maoni yangu hapa ndipo kesi zinaposhindwa hata zikifika ushahidi, na hakuna muhtasari wala datamu itakayoponya.

Dawa yake ni kuandaliwa mapema. Cheti cha Ardhi ya Kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi chini ya Sheria Na. 6 ya 2007, na malisho yaandikwe kwa jina. Eneo lililopangwa kuwa malisho haliwezi kuitwa tupu.

Na mkiambiwa ardhi "imehaulishwa" kwenda jumla, ombeni karatasi. Kifungu cha 4 cha Sheria Na. 5 kinataka tangazo kwenye Gazeti la Serikali, siku zisizopungua 90 kabla, lenye eneo, mipaka na sababu. Eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi 250, waziri anaamua baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano. Mara nyingi unakuta muhtasari wa kukubali umesainiwa na wajumbe wa halmashauri tu.

#24 Dunda_Bwy
Kwani hawawezi kuruka yote haya waende Arusha, Mahakama ya Afrika? Waogiek wa Kenya walishinda kule.

#25 Chumbageni
@Dunda_Bwy Waogiek walishinda 26 Mei 2017, na amri ya fidia ikatoka Juni 2022. Lakini Tanzania iliondoa tamko la kuruhusu mtu binafsi na asasi kwenda pale moja kwa moja, na kuondolewa huko kulianza 22 Novemba 2020. Jengo lipo Arusha, Mtanzania wa kawaida hana mlango. Njia iliyobaki ni Tume ya Afrika, kule Banjul, baada ya kumaliza njia za ndani.

Mahakama ya Afrika Mashariki iko wazi, ila Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya inatoa miezi miwili tu tangu kitendo au tangu ulipokijua. Kesi ya bomba la mafuta linaloishia Chongoleani ilitupwa Novemba 2023 kwa kuchelewa. Miezi miwili, na kijiji hakijamaliza kugombania nani ashike mhuri.

#26 Olmoran_Kilindi
Na bomba hilo hilo, nyaraka zake zinawataja Waakie, Wamaasai, Wabarabaig na Wataturu kama makundi yanayojitambulisha kuwa wenyeji asilia, wakafanyiwa mashauriano yao. Mkopeshaji wa nje anawatambua kwenye karatasi zake, sheria ya nyumbani haiwatambui. Wakili aziombe zile nyaraka. Kilichokiriwa na mradi wenyewe kuhusu nani alikuwa anatumia eneo ni ushahidi wa bure.

#27 Msomaji wa Mbali
Kanada mambo ni tofauti. Delgamuukw ya 1997 Mahakama yao ya Juu ilisema simulizi za wazee zipewe uzito kama ushahidi. Tsilhqot'in walishinda 2014, na kusikiliza peke yake kulichukua siku 339 za mahakama.

#28 Mnazi Mkinda
Siku 339! Huku shahidi wa tatu anaambiwa "fupisha mzee, tuna mashauri mengine kumi."

#29 BintiPangani
@Msomaji wa Mbali simulizi za wazee hata hapa zinaingia, mradi mzee aseme alichokiona na kukisikia mwenyewe. Tatizo ni umri. Shahidi wa miaka 88 usimngojee zamu yake. Unaomba mahakama imsikilize mapema kabla ya wengine, au imteue mtu akamsikilize nyumbani kama hawezi kusafiri. Ombi linaambatana na cheti cha daktari. Mawakili wachache wanaliomba. Wengine wanarekodi video ya simu wakidhani itatosha, kumbe video ya marehemu itapigiwa kelele kwamba hakuhojiwa na upande wa pili. Kama mzee anazungumza Kimaasai au Kizigua tu, mkalimani aapishwe na iandikwe kwenye mwenendo (kumbukumbu za shauri) kwamba ameapishwa.

#30 Mlingotini
Uzi usimalizike bila wavuvi. Kesi za diko (ufukwe wanapopaki vyombo na kushusha samaki) ni mnyama mwingine kabisa. Wavuvi wanataka kudai umiliki wa ufukwe, na hawawezi kuupata: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Wakili akidai umiliki, amekwisha. Adai haki ya kupita na ya kupaki vyombo, na aipinge hoteli kwa mita 60 hizo hizo: ukuta uko umbali gani kutoka maji makuu ya bamvua (bahari inapojaa zaidi)? Pima siku ya bamvua, si siku ya maji mafu.

#31 Kaunta Buku
Hii ya bamvua nimeipenda. Na wale wanaokubali fidia badala ya kesi?

#32 Mkonge Mkavu
@Kaunta Buku wasome Sheria ya Uthamini ya 2016 kabla ya kusaini. Fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikizidi ina riba. Uthamini wenyewe unaisha nguvu baada ya miaka miwili, unarudiwa. Zaidi ya ardhi na mazao kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi (kodi ya miezi 36), usafiri wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Watu wanahesabiwa minazi wanasahau kaburi na kisima. Asisaini fomu yenye nafasi zilizoachwa wazi, na apige picha fomu mbele na nyuma siku ile ile.

#33 Mzigua wa Kwamsisi
Swali la mwisho toka kwangu. Hao mawakili wanalipwa na nani? Kijiji kinachanga debe la mahindi kila kaya?

#34 Karani_Mstaafu
Kuchanga kupo, na kuwe na risiti na akaunti ya kijiji, la sivyo kesi ya ardhi inazaa kesi ya wizi. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) wana ofisi Tanga, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanapokea, lakini msaidizi wa kisheria haruhusiwi kusimama mahakamani kukuwakilisha. Na wakili anayesema "nitachukua ekari 50 tukishinda" mkimbieni. Haruhusiwi kununua haki ya mteja iliyomo ndani ya kesi.

#35 Chumbageni
Nyongeza kwa walioshindwa na wanataka kukata rufaa, maana wengi watakuja hapa baadaye. Kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Angalieni kama washauri wawili wa baraza waliandika maoni yao na yakasomwa kwa pande zote kabla ya hukumu. Yasiposomwa, Mahakama ya Rufani imefuta hukumu nyingi kwa hilo. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani ni notisi ndani ya siku 30, na barua ya kuomba mwenendo ndani ya siku 30 hizo hizo, nakala yake apelekewe mjibu rufaa. Kibali cha kukata rufaa hakihitajiki tena tangu mabadiliko ya 2023.

#36 Dunda_Bwy
Barua ya mwenendo nakala yake lazima? Si inapelekwa kwa msajili tu?

#37 Chumbageni
Lazima. Bila kumpa mwenzako nakala, huwezi kutegemea cheti cha msajili cha kuondoa siku za kusubiri mwenendo, na siku 60 za kuwasilisha rufaa zinahesabiwa mfululizo. Asaini kupokea, na tarehe aandike yeye.

#38 MwanaKisosora
Mpaka sasa nimehesabu jina, notisi, Kata, datamu, muhtasari, kalenda, mirathi na tafsiri ya ardhi ya jumla. Bado nashikilia jina.

#39 Mlingotini
Kalenda.

#40 Mpimaji37S
Mwenye Tangazo la Serikali la mipaka ya Hifadhi ya Saadani la 2005 pamoja na jedwali lake la kuratibu aseme. Nataka kuona waliandika datamu ipi.